Maziwa Yasiyo na Ng'ombe: Kumbukumbu za Kikao cha Tujikimu

KIKUNDI CHA AKINA MAMA TUJIKIMU, MISUNKUMILO
Kikao cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, nyumbani kwa Mweka Hazina.

WALIOHUDHURIA
Bi. Ng'washi Malale – Mwenyekiti (mtindi)
Bi. Specioza Sylvanus – Mweka Hazina (maandazi)
Bi. Rosine Rénovat – Mjumbe (biashara zake ndizo ajenda ya tatu)
Bi. Lucia Aloyce – Katibu (kwa sasa hana biashara)

ASIYEHUDHURIA
Bi. Prisila Yotham – Mjumbe (sabuni). Hakutoa udhuru. Alipita barabarani kwa bodaboda kikao kikiendelea, akatupungia mkono.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:10 alasiri kwa sala. Wajumbe walisimama kimya kumkumbuka marehemu Aloyce, mume wa Katibu, aliyefariki mwezi wa pili. Kimya kilipozidi, Mwenyekiti alimnong'oneza Katibu akimuuliza kama inatosha. Katibu alijibu inatosha, kwani Aloyce mwenyewe hakuweza kusimama muda mrefu kwa sababu ya miguu.

KUMB. NA. 2/6/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Zilithibitishwa baada ya sahihisho moja. Palipoandikwa "Mwenyekiti alifoka", isomeke "Mwenyekiti alisisitiza". Mwenyekiti alisisitiza jambo hili mara mbili.

KUMB. NA. 3/6/2025: MALALAMIKO DHIDI YA BI. ROSINE
Mwenyekiti alikumbusha sheria ya "mama mmoja, biashara moja", iliyopitishwa baada ya wajumbe wawili kuuza maandazi kwenye meza moja na kutosalimiana hadi Pasaka. Anayeivunja anaondoka kwenye meza ya kikundi, sokoni Kashaulili. Alieleza kwamba Bi. Rosine ana biashara tatu.

Bi. Rosine alikiri. Alieleza kwamba mama mkwe wake, Bibi Séverine, alipobaki bila meno, yeye alimtengenezea unga laini wa uji, uliosagwa mara mbili, na majirani wakauomba. Mume wake alipoanguka na bodaboda, mguu ukavimba na kukataa viatu vyote, akamshonea ndara pana za kitenge zenye soli ya sponji. Mtoto wake Emelyne anaharishwa na maziwa ya ng'ombe, hivyo anamtengenezea ya soya. Aliongeza kwamba mwenye nyumba amekataza wateja getini, kwa hiyo akiondolewa mezani hana pengine pa kuuzia.

Mwenyekiti alisema uji na ndara anaweza kuvivumilia. Kuhusu soya alisema: "Sisi tumeswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka huku. Sijawahi kuona maharage yakikamuliwa."

Bi. Rosine alijibu: "Hata mimi sikupanga kuyakamua, Mama Mwenyekiti."

Mwenyekiti alieleza kwamba malalamiko yake hayahusiani kabisa na mtindi wake, ambao huwa mezani upande wa kulia wa soya hizo, na ambao siku hizi unarudi nyumbani.

Mweka Hazina alilalamika kwamba Bi. Rosine anapendelewa. "Yeye kila tatizo linaingia nyumbani kwake na biashara mkononi. Mimi kwangu wote wazima, nitaanzia wapi?" Wajumbe walimpa pole.

Mwenyekiti alimtaka Bi. Rosine achague biashara moja. Bi. Rosine alisema: "Nichague nini, mama? Bibi, mume au mtoto? Mimi sikuchagua hata mmoja. Basi nichagulieni nyie."

Mweka Hazina aligawa maandazi.

Baada ya maandazi, Mweka Hazina alipendekeza unga uandikwe kwa jina la Bibi Séverine, aingie kikundini kama mwanachama kamili. Mwenyekiti aliuliza kama bibi ataweza kuhudhuria vikao. Bi. Rosine alijibu kwamba hasikii vizuri, ila anapenda kukaa na watu. Ilionekana ana sifa zote.

Kuhusu ndara, ilipendekezwa ziandikwe kwa mume, lakini ilikumbukwa kwamba kikundi ni cha akina mama. Hapo Mwenyekiti alitamka kwamba ndara zinaondoka mezani.

Katibu aliomba kusema. Alieleza kwamba sheria inasema biashara moja, na yeye tangu mwezi wa pili hana hata moja, na hakuna aliyemlalamikia. Aliomba ndara ziandikwe kwake, Bi. Rosine akikubali kumfundisha kushona. Alieleza kwamba marehemu Aloyce alizivaa miezi yake yote ya mwisho, za kitenge cha bluu, akisema ni viatu pekee ambavyo havimdai kitu. Mwenyekiti aliuliza kama Katibu ana hakika. Katibu alijibu anayo.

Bi. Rosine alikubali. Mwenyekiti alikubali pia, akasisitiza kwamba soya zitabaki mezani kwa sharti zisiitwe maziwa. Baada ya mjadala mrefu, zitaitwa "kinywaji cha Emelyne".

KUMB. NA. 4/6/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti aliuliza, kwa faida ya kikao, kama kinywaji cha Emelyne kinafaa kwa mtoto wa umri wowote. Mweka Hazina aliuliza ni mtoto gani. Mwenyekiti alisema ni mjukuu wa mtu fulani, mtindi unamkataa, na hilo lisiandikwe. Mweka Hazina alisema kikao hiki huandika yote, na Mwenyekiti ndiye aliyeweka utaratibu huo. Bi. Rosine atapeleka chupa mbili kwa mtu huyo kesho baada ya ibada, kwa mlango wa nyuma, zikiwa zimefunikwa kanga.

Katibu alieleza kwamba nyumbani hana mfano wa kushonea isipokuwa zile za bluu, ambazo bado ziko mlangoni, na kwamba leo jioni atafumua moja aone ilivyoshonwa. Bi. Rosine alisema: "Hizo ziache hapohapo, dada. Nitakuja na nyingine tuifumue pamoja."

Hoja ya Bi. Rosine ilipita bila kupigiwa kura.

KUMB. NA. 5/6/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alifunga kikao saa 11:20 jioni, aliposikia ng'ombe wake wanarudi.

.......................................
Ng'washi Malale, Mwenyekiti
(nimesaini, ila sikuafiki KUMB. NA. 4)

.......................................
Lucia Aloyce, Katibu (ndara)