Jani Jipya Ndani ya Hema la Bangi

Jumamosi, Januari. Lewisville, Texas.

Mvua ya jana imegandia juu ya magari na hakuna aliyethubutu kutoka. Kutoka dirishani naona jirani mmoja akikwangua kioo cha gari lake kwa kadi ya benki. Amekata tamaa, amerudi ndani.

Asubuhi jani jipya limefunguka.

Limefunguka likiwa limepinda.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiandika ovyo nitajidanganya.

Muhogo huu ni wa marehemu mke wangu, Mama Furaha. Alipokwenda Fizi, Kongo, kumzika mama yake, alirudi na vipande vya shina alivyovifunga ndani ya kitenge, katikati ya dagaa. Uwanja wa ndege walichukua dagaa, kitenge wakakiacha. Alicheka juma zima. Mimi nimekuwa bwana shamba tangu ujana wangu, kwetu Kongo na baadaye kambini Kigoma. Nimewahi kusimama njiani na kuzuia baiskeli zilizobeba miti ya muhogo kutoka vijiji vyenye ugonjwa. Lakini kitenge kile nilikipokea, nikakiweka mezani, nikaenda kutafuta ndoo na udongo. Alikuwa ametoka msibani na anacheka. Nani angemnyang'anya?

Muhogo ulilipenda joto la Texas. Kiangazi kizima ulikuwa kwenye kibaraza, majani mapana ya kijani, naye akiyachuma, akiyatwanga na kutupikia sombe ambayo haikutoka kwenye pakiti ya barafu. Kina mama wa kanisani walipokuja walianza kuomba vipande. Akakata, akagawa. Kimoja kilisafiri hadi Pearland, kusini mwa Houston, kwa Mama Rehema, aliyekuwa jirani yetu hapa kabla hajapata kazi katika hospitali za huko.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mke wangu alitutoka. Baridi ilipokaribia niliogopa. Kila majira ya baridi muhogo huu huingia ndani na kupukutisha majani hadi ubaki fimbo, na safari hii sikutaka kuona fimbo.

Ndipo nikaenda kwenye duka moja huko Dallas linalouza taa za mimea. Muuzaji, mzungu mwenye ndevu nyeupe, aliniuliza ninapanda nini. Nikamwambia muhogo. Akaangua kicheko.

"Mzee, hapa kila mteja anapanda nyanya. Muhogo ndiyo kwanza nausikia leo."

Nilichelewa kuelewa. Nyanya ni jina la heshima la bangi, kwa kuwa Texas sheria bado hairuhusu kuipanda. Nilimwonyesha picha ya jani kwenye simu, lile jani la vidole vilivyotawanyika, akanikonyeza na kusema yeye huwa haulizi maswali. Alinifungia hema jeusi lenye kitambaa cha rangi ya fedha kwa ndani, taa, na chati ya picha za magonjwa. Kila jani kwenye chati ni la bangi. Furaha, binti yangu, alipotoka ghalani anakofanya kazi na kuona mwanga wa zambarau ukivuja chumbani kwangu, alisimama mlangoni na kushika kiuno.

"Papa! Watu watasema umezeeka vibaya."

"Waambie ni nyanya," nikamjibu. Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mwezi wa kumi na moja majani yakaanza kuchakaa. Vidoa vyeupe juu, vidogo kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano, na utando mwembamba chini, kwenye kikonyo. Nikafuata chati ya wapanda bangi hatua kwa hatua, na nakiri kwamba watu hao wanajua kazi yao. Usitazame jani kwa juu, geuza. Weka karatasi nyeupe chini yake, ulipige kidogo, kisha usubiri uone kama vumbi lililoanguka linatembea. Lilitembea. Ukilipangusa kwa kidole linaacha mstari mwekundu. Utitiri. Kule kwetu niliuona kila kiangazi kwenye mihogo ya watu. Hewa kavu ya hita imeufaa kama kiangazi cha nyumbani.

Nikaosha majani kwa maji na sabuni, upande wa chini, kila siku ya pili. Nikapulizia mafuta ya mwarobaini. Nikaweka beseni la maji kuongeza unyevu. Wakati nikifanya hayo niliona na mabaka ya njano, na jani moja lililokuwa na upande mwembamba kuliko mwingine. Chati inasema majani yakipinda, mlaumu mdudu, au taa iliyo karibu mno, au chumvi ya mbolea. Nikaipandisha taa juu. Nikabadilisha udongo. Nikalaumu vyote vilivyoandikwa pale, kimoja baada ya kingine, kwa bidii ya mwanafunzi.

Chati ile haina muhogo. Ndiyo maana niliipenda.

Kwa maana mdudu, ukimfukuza, jani linalofuata hutoka safi. Batobato, ugonjwa wa mabaka ya muhogo, huzaliwa pamoja na jani. Hilo nimelifundisha vijijini kwa miaka, nikiwa nimeshika shina mkononi, na wakulima wakinung'unika kwamba serikali inataka kung'oa chakula chao. Ugonjwa huo hukaa ndani ya mti wenyewe, huhama na kipande unachokata, na hakuna dawa ya kuutoa. Joto kali huuficha. Ndani, kwenye ubaridi, hujitokeza. Basi kiangazi chote pale kibarazani tulikuwa tunaangalia mti mgonjwa tukiuita mzuri.

Wiki iliyopita nilipekua kila jani kwa lenzi. Utitiri haupo tena, hata mmoja. Nilibaki nasubiri chipukizi.

Leo limefunguka. Njano na kijani zimechanganyika bila kufuata mshipa, na vidole viwili vimejikunja kama vya mtu mwenye baridi yabisi.

Nilikaa kitandani, taa ya zambarau ikiniangaza. Nikajiambia kwamba humu ndani, ndani ya hema lililofungwa zipu, mti huu haumdhuru yeyote. Ningeweza kuuacha. Kisha nikakumbuka Pearland.

Nikampigia Mama Rehema. Alikuwa akitoka zamu.

"Papa Furaha! Huko mmeganda?"

Nikamuuliza kuhusu sombe yake.

"Ile? Inakunjana-kunjana, niliwaza ni baridi. Lakini iko! Sasa jirani yangu, yule wa Honduras, na yeye ana mihogo kule kwenye fensi. Anataka tubadilishane kipande."

"Umeshampa?"

"Bado. Kesho, Jumapili."

Nikamweleza. Taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wale wakulima. Kwamba kuna inzi weupe wadogo, na Houston wapo tele, watakaoubeba ugonjwa kutoka kwake hadi kwa jirani na kwa jirani wa jirani. Kwamba aung'oe na mizizi, auchome.

"Lakini Papa, ni yeye alinipa kwa mkono wake."

"Najua, mama."

"Nilikuwa ninausalimia asubuhi. Usinicheke."

"Sicheki."

Akapenga kamasi. "Basi nitauchoma kwenye ile mashine ya kuchomea nyama ya Baba Rehema. Na yeye akiniuliza chakula kiko wapi, nitamtuma kwako." Halafu, kwa sauti ndogo, "Na wa kwako? Umekwisha kuutoa?"

Nikasema ndiyo.

Nikakata simu, nikachukua kisu ili maneno yangu yawe kweli.

Kuung'oa hakukuchukua muda. Udongo ulikuwa laini kwa sababu nimeubadilisha majuzi tu. Chini kulikuwa na mzizi mmoja unaoanza kunenepa, kama kidole gumba. Nimekata shina vipande vifupi visivyoweza kuchipua, nikavitia kwenye mfuko ndani ya mfuko, nikafunga kwa utepe wa gundi. Majani sikuyapika, yamejaa mwarobaini. Ndoo nimeiosha kwa maji yanayochemka. Mikono yangu inanuka utomvu, na sijainawa bado.

Bado wapo kina mama wengine wa kupigiwa simu. Nitaanza na walio Dallas.

Kitenge kile kipo kabatini. Nimekitazama, nimekirudisha.

Taa sijaizima. Ina saa yake ya kujizima na kujiwasha. Saa kumi na mbili asubuhi itajiwasha yenyewe juu ya hema tupu. Nami, kwa mazoea, nitakuwa nimekwisha amka kwenda kutazama.