Shimo la choo limefurika, anafukuzwa mama mkwe

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa hasira.

Mimi ni mke wa mtu na usafi ndio ugonjwa wangu, kila anayeingia kwangu anakisifia choo changu, sasa tangu mama mkwe ahamie kwetu baada ya kuvunjika nyonga choo kimekuwa ndiyo kazi yangu, maana ni mtu mzima na watu wazima unawajua, kwa hiyo kila akitoka naingia mimi na klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, namimina bila ubahili, na nikihisi bado kuna kijiharufu naongezea dawa ya tindikali ya kuondoa madoa sugu, yaani kwa usafi hunipati, lakini pamoja na jitihada zote hizo shimo letu limeanza kufurika, shimo lile lile lililokaa miaka bila kutusumbua, ua mzima unanuka, maji yanarudi juu bafuni, majirani wanapita wameziba pua, tukaita gari la kunyonya, likanyonya, na shimo halikukawia likajaa tena, ndipo nikamwambia mume wangu wazi kwamba shimo hili lilichimbwa kwa ajili ya watu wa nyumba hii, mama yako aende kwa wifi, naye kakubali shingo upande, Jumamosi mama anaondoka, ila sasa kaninunia, chai nikimpelekea anasema hana kiu, uji anaugusa tu, na kila akitoka chooni anajikoholesha ili mimi nionekane mbaya, na wifi naye kapiga simu eti namfukuza mama yao, Shangazi, nimwambieje huyu wifi akanielewa, maana nimechoka kuonewa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mke Msafi

SHANGAZI ANAJIBU

Pole kwa harufu. Kuishi na shimo linalofurika ni adha, sikubishii. Pole yangu inaishia hapo.

Shimo la choo si pipa, mwanangu. Humo ndani wanaishi vijidudu ambao kazi yao ni kula uchafu mnaoupeleka, ulainike, maji yatoke yakanywewe na ardhi. Klorini kidogo ya mara moja moja wangeivumilia. Wewe unawamiminia kila mama wa watu anapotoka chooni, ukimaliza unawapelekea na tindikali. Umewaua. Uchafu sasa unakaa kama ulivyoingia, tope linapanda, njia ya maji inaziba, na gari la kunyonya litakuja mpaka dereva awe ndugu yenu. Mtu mmoja mwenye nyonga mbovu hajazi shimo la nyumba nzima. Umeona kwamba mama kaongezeka, hukuona kwamba na chupa zimeongezeka.

Halafu unachanganya klorini na tindikali, na barua unaandika kwa raha zako. Hizo mbili zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Mama hajikoholeshi, anakohoa. Mpeleke hospitali akapimwe kifua, na uende naye wewe.

Ukirudi, tindikali iondoke humo ndani, na usije ukaimwaga shimoni ukidhani ndiyo kuitupa. Choo kisugue kwa brashi na sabuni ya kawaida, klorini iwe kidogo, siku moja moja, na peke yake. Mwite fundi anyonye tope na azibue njia ya maji. Vijidudu watarudi wenyewe choo kikitumika, usinunue dawa ya kuwaita. Na wifi usimtafutie maneno. Mwambie mama haendi popote, na shimo umelijaza wewe.

Imebaki chai, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Umeandika kwamba amenuna. Mama wa watu kila akifungua mlango wa choo anakukuta umesimama na chupa, anakusikia unavyosugua alipokaa, kisha anaambiwa nyumba inanuka kwa sababu yake. Ameacha kunywa ili asiende chooni. Mtu mzima anashinda na kiu nyumbani kwa mwanawe, kwa aibu uliyomvisha wewe, na bado unaniuliza nani anamwonea nani.

Kapike chai. Kaa naye mpaka amalize kikombe. Akiinuka kwenda chooni, baki ulipokaa.