Zulia Linaloitika Aizirek Akiwepo Tu

Mpendwa mshauri, Dada Cholpon, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana jambo hili sijamwambia hata mama na kifua kimejaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Bishkek, tunasomea kutengeneza vitu vinavyomjibu mtu, picha na sauti zinazoitika ukizigusa au ukizikanyaga, na kazi yetu ya muhula tumepangwa wawili, mimi na msichana nitakayemwita Aizirek. Tumechukua zulia la sufu la bibi yake kutoka Naryn, tukaweka chini yake vitambuzi tisa, ukikanyaga nakshi ya ua au ya pembe ya kondoo unasikia sauti ya mama mmoja wa kule akisimulia jinsi zulia lilivyotengenezwa. Aizirek alirekodi wale kina mama na kuandika programu, mimi nikalehemu nyaya zote kwa mkono wangu.

Sasa dada, zulia hili huongea Aizirek akiwepo tu. Siku ya kwanza niliona ni bahati mbaya. Siku ya pili alitoka kununua sambusa, nikalikanyaga mpaka visigino vikauma, kimya, aliporudi tu likaanza kusimulia. Halafu nikaona mkono wake wa kulia hautoki mfukoni mwa koti, na chumba kina joto mpaka madirisha yanatoa jasho. Kila nikiingia, yeye na Tynar, msaidizi wa mwalimu wetu, wanakatisha mazungumzo. "Karibu, fundi!" Aizirek ananiambia, na hilo neno fundi sijui ni sifa au ni kejeli, kwa sababu mwaka jana alisema mbele ya wenzetu kwamba nimelehemu vibaya, nikamnunia mwezi mzima, ingawa hayo yalishapita.

Juzi nikamtega. Nilimpa sinia la chai alishike kwa mikono miwili, nikamwambia Tynar, "Kaka, hebu kanyaga." Akakanyaga pembe, akakanyaga ua, hakuna kitu. "Limekufa nini?" nikauliza. Aizirek akacheka, "Halijafa, linapasha mwili tu, si unaona baridi ya huko nje?" Akaweka sinia chini, mkono mfukoni, na zulia likaongea.

Tynar alipoondoka, na Aizirek akaenda kuosha vikombe akiacha koti lake kitini, nilifanya jambo la aibu, nilifungua simu yake, namna ya kuifungua nilishaiona. Nikakuta vitufe tisa, kila kimoja kina jina la nakshi ya zulia. Nikabonyeza kimoja, na sauti ya mama wa Naryn ikatoka katika chumba kisicho na mtu ila mimi. Nikafunua zulia. Viungo vyote tisa vimeachia, na ni viungo nilivyolehemu mimi.

Kwa hiyo anajua, tena anajua siku nyingi. Kwa nini hakuniambia? Nadhani anangoja Alhamisi nisimame mbele ya jopo la walimu nijisifie nyaya zangu, kisha atoe mkono mfukoni aniumbue, alama zote zibaki zake. Je, niende kwa mwalimu nimuwahi kabla hajaniwahi?

Fundi Mwenye Mashaka, Bishkek

*

Mdogo wangu Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza. Sikupaona. Umemtegea sinia la chai, umempekulia simu, umefunua zulia la bibi yake. Kitu pekee ambacho hukukifungua ni kinywa chako.

Nakuelewa. Kufanya kazi na mtu anayeficha mkono si raha, na mimi ningekosa usingizi. Siwezi kukuapia kwamba msichana huyu hana hila, huenda anayo. Lakini wewe mwenyewe umeandika, tena kwa haraka kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka, kwamba alikuambia ukweli mmoja ukamnunia mwezi mzima. Nani angethubutu kukuambia wa pili? Na bado nyaya zilizoachia ni zako, si zake.

Naye ana kosa. Kumwonyesha mtu kitu cha kubonyezwa kwa siri na kumwambia kinajiendesha ni uongo, hata ukifanywa kwa kumsitiri mwenzako.

Usiende kwa mwalimu. Nenda kwake leo, si kesho, na uanze na kosa lako: mwambie umefungua simu yake. Atafoka. Mwache afoke. Kisha chukua chuma chako cha kulehemu, mtengeneze mtakachoweza. Kitakachobaki kibovu, kisemeni wenyewe mbele ya jopo kabla hamjaulizwa. Akikataa, hapo nenda kwa mwalimu, lakini uanze kwa kutaja viungo vyako tisa.

Cholpon

*

Dada Cholpon,

Nilikwenda jioni ile ile bwenini kwao. "Ulifungua simu yangu?" "Nilifungua." Akanifungia mlango usoni. Nilikaa ngazini karibu saa nzima, wasichana wanapita wananicheka, "We kaka, umefukuzwa na nani?"

Alipotoka alikuwa amevaa koti. Akasema, "Mashaka yako hayakuwa ya bure. Nilipoona viungo vimeachia nilimwomba Tynar anitoe kwenye kundi lako. Alikataa, ndipo nikaweka vitufe. Sikutaka kufeli, na sikutaka tena mwezi wa kununiwa."

"Ungeniumbua Alhamisi?"

"Sijui," alisema. "Kuna siku nilitaka."

Tulilehemu siku mbili. Yeye alishika tochi, mimi nilishika chuma, na kila kiungo alikivuta kwa kucha kabla sijaruhusiwa kwenda kwenye kingine. Alhamisi zulia liliongea sehemu sita. Aizirek aliweka mikono yote miwili juu ya meza, mbele ya jopo, akawaeleza habari ya vitufe. Mwalimu mmoja mama mtu mzima alikanyaga pembe iliyokuwa bubu, akauliza, "Na hii je?" Nikasema, "Hiyo na nyingine mbili ni kazi yangu, mwalimu. Nililehemu vibaya."

Tumefaulu, lakini kwa alama za chini, na Tynar ameonywa kwa kujua akanyamaza.

Aizirek ameniambia mwaka wa mwisho atatafuta mwenzake mwingine. Nilitaka kumnunia kama zamani. Kisha nikamuuliza kwa nini, na alinieleza kwa muda mrefu, moja baada ya jingine, nami nikamsikiliza mpaka akamaliza.