Swali la Maji ya Bomba

Jumapili, 5 Novemba

Hili sijamwambia mtu, hata mama: nikijua jibu darasani hulitafuna kimya mpaka mwingine aliseme. Kisha naumia kama nimeibiwa.

Leo Mwalimu Wagdi wa sayansi amerudi kutoka semina Kairo. Kaja na kalamu za rangi na maneno mapya. Eti kukariri kumekufa! Eti tutafute majibu wenyewe, kutoka kwenye maisha yetu. Kisha akatusomea maana ya "fikra huru" tuiandike — na kesho tuiseme kwa kichwa.

Jumatatu, 6 Novemba

Mkaguzi anakuja Alhamisi kuona kama semina imemwingia mwalimu. Kama haikumwingia, atahamishiwa shule ya jangwani na kuiacha familia yake hapa Tanta. Sitaki. Ni yeye tu anayenifungulia kabati la vitabu wakati wa mapumziko bila kuniuliza kwa nini sichezi.

Swali letu la "kutafuta wenyewe": kwa nini maji ya bomba la shule yana rangi ya chai? Zuri kweli! Nusura ninyooshe mkono. Akageuka, akaandika majibu yote ubaoni.

Jumanne, 7 Novemba

Jioni, tuisheni nyumbani kwake. Mazoezi! Kila mtu na jibu lake. Shahinaz kapewa jibu la makosa, maana wakaguzi hupenda kuona kosa moja. Kwa bahati mbaya akasema lililo sahihi.

"We binti, kosea vizuri!" mwalimu akamkemea.

Mimi nimepewa kuwaza. Nikune kichwa, nitazame dari.

"Bi Daktari kapewa sehemu isiyo na maneno," Shahinaz akasema akininyooshea kidole. "Mwalimu anamjua mtu wake!"

Wakacheka. Mwalimu pia — kidogo.

Alhamisi, 9 Novemba

Mkaguzi kaja. Kawekewa maji ya chupa na glasi, akanywea chupani. Majibu yakatiririka. Shahinaz alikosea vizuri mno. Nikakuna kichwa. Mkaguzi akatabasamu, akafunga faili lake. Halafu akauliza:

"Hongera, wanangu. Na mmejuaje? Nani kayachunguza hayo maji?"

Hilo hatukupewa jibu lake.

"Watoto wana haya, mheshimiwa," mwalimu akasema. Kipara kinamtoka jasho.

"Nimewauliza wao, ustadhi." Akafungua faili tena. Akatoa kalamu.

Darasa zima likatazama dari — kazi yangu, wameichukua wote! Mwalimu hakutazama dari. Alitazama ile kalamu.

Nikasimama. Nikaenda mezani, nikachukua ile glasi tupu, nikatoka bila ruhusa. Nikaijaza kwenye bomba la uani. Nikarudi polepole nisimwage. Nikaiweka mbele ya mkaguzi, upande wa dirisha.

"Bado hatujui," nikasema. "Tusubiri maji yatulie, tuone kitakachobaki chini."

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya glasi, nikaanza kuandika ninachokiona.