Nguo Kumi na Mbili za Mama Mwenye Nyumba

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mama Chapa
Umri: miaka 46
Kazi: kuchapa na kutoa fotokopi
Makazi: chumba cha nyuma ya duka langu, mkabala na duka la fundi cherehani

Nimeulizwa na afande nieleze ninachokijua, nami naeleza bila kushurutishwa.

Mnamo tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, fundi cherehani aliingia dukani kwangu na mama mwenye nyumba wake. Fundi alikuwa amevunjika mguu, akakaa bila kazi, kodi ya duka ya miezi mitatu ikamlemea. Mama hakumfokea. Alisema, "Pesa huna, mikono unayo. Nishonee nguo kumi na mbili, tumalizane. Lakini iandikwe." Nikachapa hivyo hivyo. Wakatia saini, nami nikasaini kama shahidi na kubaki na nakala moja. Kosa langu ni kwamba sikuandika nguo za aina gani.

Nguo kumi za kwanza hazikuleta maneno.

Leo tarehe 19 Mei, saa tatu kasorobo asubuhi, nilisikia kelele nikatoka. Mama alikuwa mlangoni kwa fundi na furushi la kitambaa lililomfika kidevuni. Kilikuwa cha mapazia ya nyumba nzima, madirisha kumi na manne.

"Hii ni nguo ya kumi na moja," alisema.

"Mama, pazia ni nguo? Nani amewahi kulivaa?"

"Dirisha linavaa."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, akasema hashoni. Mama akatua furushi, akatoa kufuli mkobani, akafunga duka. Ndani kulikuwa na sare ya muuguzi anayeanza kazi kesho, na muuguzi mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, amekuja kuichukua.

Jirani aliyepiga simu kituoni alisema wanapigana. Si kweli. Fundi alishika kufuli, mama akashika shati la fundi. Shati hilo fundi alilishona mwenyewe, ndiyo maana halikuchanika.

Nilikimbilia nakala yangu nikaisoma kwa sauti. Wote wawili wakanigeukia: "Haya, nguo ni nini?" Niligeuza karatasi, nyuma ilikuwa tupu. Niliona haya, kwa sababu pesa ya kuchapa nilipokea.

Muuguzi akasema taratibu, "Mama, mimi hunidai. Sare yangu imekukosea nini?"

Mama akafungua kufuli. Akasema, "Dada yangu anakuja Jumamosi. Miaka tisa hatujaonana. Sitaki akute madirisha yangu yamezibwa kwa mashuka."

Fundi alimtazama. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo, mama yangu?"

Tuliingia dukani kwangu. Walikubaliana mapazia yahesabiwe kuwa nguo mbili za mwisho, uzi alete mama, na yawe tayari Ijumaa. Safari hii niliandika idadi ya madirisha, urefu, upana, hata pindo. Sikuwatoza. Walikuwa wanatia saini askari walipofika na kutuleta sote hapa.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, sina la kuongeza.

Saini ya shahidi: *Mama Chapa*

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa, amekiri ni sahihi. Nimewauliza wahusika kama yupo mwenye malalamiko. Mama mwenye nyumba amesema analo moja: kituo kinamchelewesha fundi wake. Wameondoka pamoja saa sita na robo, fundi amebeba furushi, mama amemshikia mkoba.