Trei ya Mayai

6 Mei

Shikamoo Dada,

Hujambo? Mwanangu Chiriku hajambo? Mimi mzima. Mikono imepunguza kutetemeka. Jana nilibeba kikombe cha chai mpaka mezani bila kujimwagia.

Najua hukutegemea barua. Simu walizichukua getini, tunaruhusiwa karatasi tu. Nina shida, na si ya pesa, kwa hiyo usiikunje kwanza.

Huku kwenye kituo cha kuacha pombe kuna mshauri, mama mmoja mrefu, anaongea polepole kama anasoma maelezo ya chupa ya dawa. Kila asubuhi anatukalisha kwenye mabenchi, tunafumba macho, halafu kila mtu anajiona mahali. Si kuomba, si kulala. Kujiona tu. Mwenzangu mmoja anajiona shambani kwake, mwingine jikoni kwa mkewe. Mimi nilicheka. Watu wazima na ndevu zetu tumefumba macho kama tunacheza kujificha! Akanishushua hapohapo: "Kinyozi, wewe utatembea. Ukitoka hapa utashuka stendi, utaenda mpaka kwako. Itembee njia hiyo kichwani sasa, miguu iizoee kabla hujaifikia."

Kujaribu, Dada, nikagundua mtaa wangu mwenyewe siujui. Naukumbuka mlango wa baa. Kwingine kote ni ukungu. Tafadhali nenda ukanitazamie, uniandikie kuna nini.

Mdogo wako,
Kinyozi

15 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, ila goti linanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani. Mwanao hajambo, anaongea mpaka anasahau kutafuna. Bado analala kwangu na ataendelea. Nilikwambia siku unaondoka, na sijabadilika: nikikuona umesimama kazini huna harufu, mtoto anarudi kwako. Ukinijia umelewa hata mara moja, atakulia kwangu. Kelele zake nimeshazizoea.

Haya, nimeenda. Ukishuka stendi, kulia kuna fundi wa kuchomelea. Macho yako usiyapeleke kwenye moto wake. Halafu duka la vocha, lina paka wa rangi ya chungwa anayelala juu ya kaunta. Halafu saluni yenu. Kiti chako kimefunikwa shuka, na mwenye saluni anakusalimu. Halafu mtaro, wameuwekea ubao wa kuvukia. Halafu baa. Mlango wa buluu, rangi imebanduka chini wanapoupiga teke. Yule rafiki yako Kipaza amekaa nje juu ya kreti, akaniita shemeji. Sijawahi kuwa shemeji yake. Halafu ukuta mrefu, halafu kwako.

Nilibeba kikapu, watu wasije wakadhani na mimi nimeanza.

Dada yako

28 Mei

Shikamoo Dada,

Goti limepata nafuu? Mimi nala na kulala vizuri.

Mtaa sasa ninao wote, mpaka paka. Asante sana. Kila asubuhi nashuka stendi, nampita fundi, navuka ubao, naenda zangu vizuri. Nikifika mlango wa buluu naganda. Kipaza anainuka kwenye kreti lake, ananyoosha mkono: "Kinyozi! Hata salamu tu, ndugu yangu?" Nikimpa mkono nimekwisha. Mkono unanivuta ndani, na ndani napajua mwenyewe. Nimejaribu kumtukana, nimejaribu kukimbia, nimejifanya kiziwi. Wapi! Ndani ya kichwa changu mwenyewe bado nanunuliwa bia.

Mshauri anasema niitafutie mikono kazi. Kazi gani, Dada?

Mdogo wako

4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lilelile. Chiriku anakusalimu, ameng'oka jino.

Beba mayai. Trei nzima, kwa mikono miwili. Mtu mwenye trei ya mayai hampi mtu mkono, hakimbii, hagombani, na watu wenyewe wanampisha. Kipaza akikunyooshea mkono, mwambie mikono yako imejaa, upite. Unampelekea mtoto mayai, basi. Usianze maelezo mengine.

Chiriku anasema moja liwe na madoa.

Dada yako

30 Juni

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Hujanijibu. Nimepiga simu ofisini kwenu, wamesema upo na unakula. Kama upo na unakula, andika.

Dada yako

18 Julai

Shikamoo Dada,

Natumaini hamjambo. Nisamehe kunyamaza.

Mayai yalifanya kazi. Nilipita mlango ule kila asubuhi, na Kipaza akabaki na mkono wake hewani. Nikaanza kujisifu mbele ya wenzangu. Mshauri akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri. Leo usibebe kitu. Mpe mkono, ingia, kunywa. Ila usifumbue macho mpaka asubuhi ya pili yake."

Nikaingia. Humo ndani palikuwa pazuri, sitakudanganya. Halafu kukapambazuka. Nikajiona nimelala kwa ndani ya mlango wangu, nimelalia viatu vya shule vya Chiriku. Naye amechuchumaa, anakivuta kimoja kutoka chini ya mbavu zangu, taratibu, nisiamke. Akakivaa kikiwa kimebonyea. Akatoka akarudishia mlango polepole. Hakusema neno, Dada. Yule mtoto, hakusema neno.

Tangu siku hiyo nashika kalamu naiweka. Nataka kukuuliza, na jibu naliogopa: hicho ni kitu nilichokiona kweli, au kichwa changu kimekitunga?

Mdogo wako

26 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Hukukitunga. Kilitokea, na si mara moja. Mara ya mwisho alifika kwangu amekanyaga kisigino cha kiatu. Nilipomuuliza akasema baba amechoka. Siku ileile nikamchukua.

Nilikuwa na hasira na wewe, na bado ninayo. Leo baada ya kuisoma barua yako nimelia hapa kwenye cherehani mpaka nikashona mkono wa gauni la watu nje ndani. Usinijibu kwa pole. Rudi kwenye mayai.

Dada yako

9 Septemba

Shikamoo Dada,

Hamjambo? Mimi mzima, nakuandikia nikiwa chumbani kwangu. Simu wamenirudishia, ila mdomo wangu ni hodari wa kudanganya. Kalamu inanipa nafasi ya kujisikia.

Siku niliyorudi nilinunua trei ya kweli pale stendi. Nikapita kwa fundi, paka yupo, ubao upo. Jasho linanitoka. Nafika kwenye baa, mlango ni mweupe, na ndani magodoro mpaka darini! Kipaza wamemwajiri kuita wateja. Akanyoosha mkono, nikamwambia mikono yangu imejaa, akasema basi nikiyafikisha nirudi nichague godoro. Dada, ulijua! Umeniacha nipigane na duka la magodoro miezi yote ile. Nilikasirika mpaka kwangu, halafu nikala mayai peke yangu, wiki nzima.

Sasa sikiliza. Juzi nilimnyoa bwana harusi. Amefurahi, jamaa zake wamejaa saluni. Akatoa chupa kwenye koti, akanimiminia, akaiweka glasi chini ya kioo changu, kati ya poda na spiriti. Wote wakapiga makofi. Harufu ikanifika, mate yakanijaa mdomoni. Nilikitaka kile kinywaji, Dada. Nilikitaka kuliko kitu chochote.

Nikaweka mashine chini, nikafumba macho. Nikashuka stendi. Fundi, paka, ubao. Nikaubeba mzigo wangu, nikasema, "Samahani bosi, mikono yangu imejaa."

Kufumbua macho, watu wote wanaitazama mikono yangu. Mitupu, nimeinyoosha mbele hivi. Kicheko kilichopigwa! Nami nikacheka. Bwana harusi akainywa mwenyewe, mimi nikafagia nywele.

Sisemi nimepona. Nakueleza ya juzi tu.

Mdogo wako,
Kinyozi

12 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti limepona, nimebadilisha kiti.

Ndiyo, nilijua. Walifunga tangu Juni. Ningekwambia ungelegea, na glasi zinaletwa hata saluni, umejionea mwenyewe.

Habari za bwana harusi nilishazipata kabla ya barua yako. Mwenye saluni alinipigia akidhani umechanganyikiwa, umesimama mbele ya watu unabeba hewa. Nikamwambia uko sawa. Nilipokata simu nikaenda kumnunulia Chiriku viatu.

Njoo Jumamosi umchukue Chiriku. Nguo zake nimezifunga. Viatu ni vipya. Viweke juu, mbali na mlango.

Mayai usibebe. Akiwa barabarani anapenda kushikwa mkono.

Dada yako