Kidonge Nilichomnyima Mjomba

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Jana ulinipigia simu mwenyewe, ukacheka. Nami nilicheka, kisha nikakaa chini nikalia kwa faraja. Sasa niache niandike hadharani, kwa kuwa ulinisema hadharani.

Unakumbuka tulipomzika mama, dada yako, kule Chome? Usingizi ulinikimbia. Daktari wa Same akaniandikia vidonge vya muda mfupi tu: nimeze nikiwa tayari kitandani, nisiongeze kipimo, nisichanganye na pombe, asubuhi nisiendeshe chombo cha moto nikiwa bado na lepe la usingizi. Nisipopata nafuu, nirudi kwake.

Lakini kwetu, kilichomo katika nyumba ya msiba ni cha wote. Mchele wa wote, mikeka ya wote, basi na vidonge! Siku ya kuondoa matanga ulinijia na kibuyu cha dengelua mkononi.

"Mpwa, nipe kimoja. Nami sijalala tangu tumzike."

"Mjomba, hiyo pombe haipatani na dawa hii."

"Dengelua ni pombe? Maji ya miwa haya!"

Watu wakacheka. Nikakataa. Ukapaza sauti: "Mnamwona? Amesoma mpaka ananinyima usingizi!" Shangazi akaninong'oneza kwamba mjomba akinuna, laana haiko mbali. Ukaondoka bila kuniaga, ukaenda kwa binti yako kule Kwakoa.

Nimegombana na wakubwa magazetini miaka mingi bila kutetemeka. Laana yako niliiogopa. Ila niliogopa zaidi kukuzika kando ya dada yako.

Na ubishi huu nani alinifundisha, kama si wewe? Nilipokuwa mdogo ulinipeleka ndivani, kwenye bwawa letu la kugawana maji ya mashamba. Tajiri mmoja alikuwa amefungulia maji siku isiyo yake. Ukayafunga mbele ya wakwe zake. Alipokuita mchoyo, ukamjibu: "Maji ni ya wote, zamu si ya wote." Vidonge vile viliandikwa kwa mwili wangu, mjomba, baada ya daktari kunihoji mimi.

Sasa unaniambia binti yako amekupeleka hospitali, ukaulizwa mambo ambayo hakuna aliyekuuliza msibani: unakunywa nini, unalalaje. Binti yako akaeleza kwamba ukiwa usingizini unakoroma, pumzi inakatika, kisha unashtuka. Daktari akasema kidonge changu juu ya dengelua kingeweza kukuzima kabisa. Hakukupa cha usingizi. Anaitibu hiyo pumzi kwanza, kibuyu umekiweka kando, na unalala.

Wanaogawana vidonge kama karanga na kuuita upendo, wanisikie: huo ni uvivu wa kumpeleka ndugu hospitali! Tunachanga kwa haraka kununua jeneza, lakini nauli ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari tunaijadili mpaka jua linazama.

Mimi nilirudi kwa daktari kama alivyoagiza, na dawa tumeiacha. Nalala bila kidonge. Mama bado namlilia, lakini mchana.

Simu ya jana ingeweza kupigwa na binti yako, na isingekuwa ya kucheka. Ndiyo maana sikuombi radhi. Ukitaka kununa, nuna, mjomba. Anayenuna yu hai.

Akupendaye na kukunyima,
Mpwa wako